Maisha yaliyopita: imani inayozaa huruma, na inayoweza kuiua

Mwishoni mwa Januari 1999, Glenn Hoddle, kocha wa timu ya taifa ya soka ya England wakati huo, alihojiwa na gazeti la The Times. Mazungumzo yakatoka uwanjani yakaingia kwenye imani. Hoddle aliamini kwamba mtu haji duniani mara moja tu, na alipogusia watu wanaozaliwa na ulemavu, maneno yake yalisomeka kana kwamba anasema wanavuna walichokipanda katika maisha mengine. Nchi ikachafuka. Alijitetea kwamba hakueleweka, lakini kufikia tarehe 2 Februari alikuwa ameshaondolewa kazini.

Weka kando ya kisa hicho zoezi ambalo watawa wa Tibet wamelifanya kwa karne nyingi. Mtawa anakaa, anatulia, kisha anamleta akilini mtu anayemchukia. Anajiambia: maisha niliyokwisha kuyapitia hayahesabiki, na katika wingi huo huyu naye alipata kuwa mama yangu. Alinibeba tumboni. Alikesha nilipougua. Alijinyima ili nishibe. Anayarudia hayo mpaka chuki ilegee.

Imani ni moja. Ikisomwa hivi, mgonjwa anageuka mdaiwa. Ikisomwa vile, adui anageuka mzazi. Ndiyo maana anayeuliza kama kuamini maisha yaliyopita kunamfanya mtu awe na huruma hapati jibu moja. Kwanza ni lazima kujua imani hiyo inatumiwa kumtazama nani, na inatazama upande gani, nyuma au mbele.

Nani anaamini nini

Kwa aliyelelewa kanisani au msikitini mlango huu umefungwa, na umefungwa kwa makusudi. Waraka kwa Waebrania unasema watu wamewekewa kufa mara moja, na baada ya kufa hukumu. Kurani, katika sura ya Al-Muuminun, inamweleza mtu aliyefikiwa na mauti akiomba arudishwe ili atende mema aliyoyaacha. Anajibiwa kuwa haiwezekani. Mbele yao kuna barzakh, yaani kizuizi, mpaka siku watakapofufuliwa. Hamu ya kurudi inafahamika, basi. Kinachokataliwa ni ruhusa.

Lakini hisia iliyo chini ya imani hii si ngeni kwetu. Anayesema malipo ni hapa hapa duniani ameshakubali nusu ya hoja, kwamba tendo halipotei bali humrudia aliyelitenda. Mhindu anachofanya ni kuongeza muda wa kulipana: kama mauti yamekuja kabla ya malipo, malipo yatasubiri kuzaliwa kwingine. Na hata India kwenyewe nusu ya kwanza ina nguvu kuliko ya pili. Utafiti wa taasisi ya Pew uliotolewa mwaka 2021, baada ya kuwahoji karibu watu wazima 30,000 nchini humo, ulikuta asilimia 77 ya Wahindu wanaamini karma, yaani kwamba tendo humrudia aliyelitenda, lakini wanaoamini kuzaliwa tena ni asilimia 40. Marekani, nchi ya Wakristo wengi, taasisi hiyo hiyo ilikuta mwaka 2018 kwamba theluthi moja ya watu wazima wanaamini kuzaliwa tena. Nadhani takwimu hizo mbili zinatosha kuondoa picha ya kwamba hili ni jambo la watu wa mashariki peke yao, na kwamba kila mtu huko analiamini.

Haifanani kila mahali. Wayoruba humwita mtoto wa kiume aliyezaliwa baada ya babu kufariki Babatunde, yaani baba amerudi, na wa kike aliyezaliwa baada ya bibi kufariki Yetunde, mama amerudi. Hapo hakuna deni wala adhabu. Anayerudi anarudi kwao. Wadruzi, jamii ya kidini ya Lebanoni na Syria, wanaamini kwamba roho ya binadamu anayekufa huhamia papo hapo kwa mtoto wa binadamu anayezaliwa, haipiti kwa mnyama. Katika mapokeo ya fumbo ya Kiyahudi, hasa baada ya Isaac Luria kufundisha katika mji wa Safed kwenye karne ya 16, roho hurudi ili itimize amri ilizoziacha na itengeneze ilichoharibu.

India ndiko mambo yalikochambuliwa zaidi, na huko kuna mgawanyiko ambao tutauhitaji baadaye. Wahindu wengi wanasema ndani ya mtu kuna nafsi isiyokufa, inayoacha mwili mmoja na kuchukua mwingine. Bhagavad Gita, andiko lao takatifu, inaifananisha na mtu anayevua nguo chakavu na kuvaa mpya. Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya kale ya India, nao wana nafsi, ila kwao imetapakaa kila mahali, hadi kwenye mmea na tone la maji. Wabudha wanakataa. Wanasema kuzaliwa tena kupo, lakini hakuna nafsi ya kudumu inayosafiri. Ukisikia hivyo kwa mara ya kwanza unaweza kudhani ni mchezo wa maneno. Sivyo, na huruma ya Kibudha imejengwa juu ya kauli hiyo hiyo.

Deni linaposomwa kinyumenyume

Katika Brihadaranyaka, mojawapo ya Upanishadi (maandiko matakatifu ya Wahindu) za kale kabisa, mtu aitwaye Artabhaga anambana mwanahekima Yajnavalkya kwa swali. Mtu akifa, sauti yake ikaingia motoni, pumzi ikaingia hewani, jicho likaingia juani, mwenyewe huwa wapi? Yajnavalkya anamwambia: nishike mkono, rafiki yangu, hili si la kuzungumzwa mbele ya watu. Wanajitenga. Maandiko yanatuambia kwamba walichokizungumza na kukisifu huko faraghani ni tendo: mtu huwa mwema kwa tendo jema, na mbaya kwa tendo baya.

Hapo sentensi bado ni safi. Inamwambia mtu kuhusu yeye mwenyewe, na inamwambia kuhusu kesho. Ikibaki hapo, inaweza hata kuzuia ukatili. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo, na anayeamini kuzaliwa tena ana uzazi mwingi mbele yake. Leo mchinjaji, kesho mbuzi. Ila tusiupe uangalifu huo jina lisilo lake. Anayeacha kumtukana ombaomba kwa kuogopa kuzaliwa ombaomba bado anajifikiria yeye. Ni busara ya kujilinda. Huruma haijafika.

Mambo yanaharibika sentensi inapogeuzwa. Kama tendo baya huleta kuzaliwa kubaya, basi kila aliyezaliwa pabaya alitenda ubaya. Hivyo ndivyo akili inavyoteleza. Upanishadi nyingine, Chandogya, inaonyesha mteremko ulipoanzia. Wenye mwenendo mzuri, inasema, wataingia katika tumbo zuri, la Brahmini (mtu wa tabaka la makuhani), la shujaa wa vita au la mfanyabiashara. Wenye mwenendo mbaya wataingia katika tumbo la mbwa, la nguruwe, au la chandala, mtu wa tabaka lililotengwa. Soma orodha hiyo ukiwa wewe ndiye chandala. Umewekwa mstari mmoja na nguruwe, na umeambiwa ni haki yako.

Bhimrao Ambedkar alizaliwa mwaka 1891 katika jamii ya Mahar, waliohesabiwa kuwa wasioguswa. Alisoma mpaka akawa mwanasheria, akaongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India, na tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, aliingia dini ya Budha pamoja na mamia ya maelfu ya wafuasi wake. Alifariki Desemba mwaka huo. Lakini hata Ubudha hakuuchukua mzima mzima. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka uliofuata aliikataa karma inayobebwa kutoka maisha yaliyopita, na sababu aliyoitoa ni ya kisiasa kuliko ya kifalsafa: fundisho la kwamba maskini ni maskini kwa makosa ya zamani halina kazi nyingine zaidi ya kuiwezesha dola au jamii kukwepa wajibu wake kwa wanyonge. Sijaona hoja iliyomjibu vizuri.

Wala tusidhani tatizo hili ni la Wahindi tu. Mwaka 1966 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Melvin Lerner na Carolyn Simmons, walichapisha jaribio ambalo bado linachoma. Wanafunzi waliwekwa watazame kwenye skrini mwanamke akipigwa shoti za umeme kila alipokosea zoezi. (Alikuwa anaigiza, umeme haukuwapo.) Waliopewa nafasi ya kumwondoa kwenye mateso waliichukua, karibu wote. Walioaminishwa kwamba ataendelea kuteswa na wao hawana la kufanya walianza kumshusha thamani, wakamwona mtu asiyependeza. Akili haivumilii kumwona asiye na kosa akiumia bila msaada, kwa hiyo inamtafutia kosa. Mtu wa kawaida hulitafuta katika tabia ya anayeumia. Mwenye maisha elfu nyuma yake hahitaji hata kutafuta: kosa lipo tayari, mahali ambapo hakuna anayeweza kwenda kuhakiki.

Wahenga wa Kibudha waliuona mtego huu mapema. Katika hotuba zilizohifadhiwa kwa Kipali, lugha ya kale ya maandiko ya Kibudha, msafiri wa dini aitwaye Sivaka anamuuliza Budha kuhusu walimu wanaodai kwamba kila anachokihisi mtu, raha au karaha, kimesababishwa na alichokitenda zamani. Budha anasema wamevuka mpaka. Anamhesabia sababu nane: nyongo, kohozi, upepo wa mwilini, hivyo vitatu vikichanganyika, mabadiliko ya majira, kutojitunza, kushambuliwa, na mwisho karma. Moja kati ya nane. Mahali pengine anaonya kwamba anayehangaika kupekua hasa tendo lipi limezaa tokeo lipi ataishia kwenye wazimu na kero. Ungetarajia onyo hilo liwe maarufu kuliko lilivyo.

Huyu naye alikuwa mama yangu

Usomaji wa pili hauanzi na deni. Unaanza na ukoo.

Budha anawaambia watawa wake kwamba si rahisi kumpata kiumbe ambaye, katika safari hii ndefu isiyojulikana ilikoanzia, hakuwahi kuwa mama yako. Anairudia sentensi hiyo kwa baba, kwa kaka, kwa dada, kwa mwana na kwa binti. Katika hotuba nyingine anawauliza kipi kingi zaidi: maji ya bahari nne, au machozi mliyoyamwaga mkiwalilia waliowafia? Machozi, wanajibu, na yeye anakubali.

Ona kilichofanyika. Wingi wa maisha, uleule ambao kwa msomaji wa deni ni lundo la makosa, hapa umekuwa lundo la undugu. Hakuna anayedai kumkumbuka mama huyo. Hoja inasimama juu ya hesabu: muda ukiwa hauna mwanzo, hakuna mgeni.

Buddhaghosa, mtawa aliyeandika Sri Lanka katika karne ya 5, aliligeuza wazo hilo kuwa dawa ya hasira. Mwongozo wake unapendeza kwa sababu hajidanganyi kuhusu binadamu. Anaanza na tiba moja, na akijua huenda isifanye kazi, anaongeza nyingine, na nyingine. Kumkumbuka adui kama aliyewahi kuwa mama yako ni mojawapo. Na kwa yule ambaye tafakuri zote zimemshinda, tiba ya mwisho ni ya mikono: mpe zawadi unayemchukia.

Atisha, mwanazuoni kutoka Bengal aliyeishi kati ya 982 na 1054 na kufika Tibet mwaka 1042, ndiye anayetajwa na Watibeti kama aliyewaletea mlolongo wa hatua saba unaoanza na mama. Kwanza unamtambua kila kiumbe kuwa alikuwa mama yako. Kisha unaukumbuka wema wake, unatamani kuulipa, na kutokana na hapo unazuka upendo, kisha huruma, kisha azimio la kuubeba mzigo mwenyewe, na hatimaye nia ya kuufikia uamsho kama wa Budha kwa ajili ya viumbe wote. Inafaa kuangalia huruma imekaa wapi. Ni ya tano. Mbele yake imetangulia shukrani, na hilo ndilo linaloitofautisha na ile huruma ya mwenye nacho anayemwinamia asiye nacho. Huyu unayemsaidia ndiye anayekudai.

Kwa mara ya kwanza, basi, deni limebadilisha mwelekeo. Mdaiwa ni mimi.

Wapo waliolelewa na mama mkali, au wasiomjua mama kabisa, na kwao hatua ya kwanza inauma. Walimu wa siku hizi huwaambia wamchukue mtu yeyote aliyewahi kuwatendea wema mkubwa. Ni sahihisho la haki, japo linaonyesha pia kwamba chemchemi ya zoezi hili ni kumbukumbu ya kutunzwa katika maisha haya haya. Maisha yaliyopita yanafanya kazi ya kuisambaza.

Usambazaji huo hauishii kwa binadamu. Xenophanes, mshairi wa Kiyunani wa karne ya 6 kabla ya Kristo, alitunga beti za kumkejeli mwanafalsafa Pythagoras. Alipita, zinasema, akaona mtoto wa mbwa akipigwa, akamwonea huruma: acha, usimpige, hiyo ni roho ya rafiki yangu, nimemtambua kwa sauti alipolia. Xenophanes alitaka watu wacheke, na bila shaka walicheka. Lakini kejeli ile ndiyo mojawapo ya ushahidi wa kale tulio nao kwamba Pythagoras alifundisha kuhama kwa roho, na kwa bahati imehifadhi pia kile fundisho lilichomfanyia msikiaji: kilio cha mbwa kimekuwa sauti ya mtu anayemjua. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Anayeamini kwamba nguruwe alikuwa binadamu hana pa kusimama kati ya utamu na uchungu.

Wajaini wamelifikisha jambo hili mbali kuliko wote. Watawa wao hufagia njia kwa ufagio laini wasije wakakanyaga mdudu, wengine hufunga kitambaa mdomoni, na jamii zao zimejenga makao ya kutunzia wanyama wazee na wagonjwa, ikiwemo hospitali ya ndege mjini Delhi, karibu na Ngome Nyekundu. Mstari wao mashuhuri unasema nafsi zipo ili zifaane. Hata hivyo mafundisho yao yanasema pia kwamba ukatili huigandia nafsi ya mkatili kama vumbi na kuilemea, kwa hiyo anayemwepuka mdudu anajiokoa na yeye. Hofu na undugu vimekaa katika ufagio mmoja, na sidhani mtawa mwenyewe anajisumbua kuvitenganisha.

Shule iliyojengwa Paris

Watu wengi leo wakizungumzia kuzaliwa tena husema hivi: dunia ni shule, kila maisha ni darasa, tunarudi mpaka tujifunze upendo. Wengi wanaamini hayo ni mafundisho ya kale ya India. Kwa sehemu kubwa sivyo. Katika dini za India gurudumu la kuzaliwa na kufa ni jambo la kutokwa nalo. Mtu anaweza kupanda na anaweza kushuka, na kushuka ni rahisi zaidi. Shule ambayo mwanafunzi huwa anasonga mbele tu, harudishwi darasa, ni wazo la Ulaya ya karne ya 19.

Na aliyelieneza alikuwa mwalimu kweli. Hippolyte Léon Denizard Rivail alizaliwa Lyon mwaka 1804, akasomea Yverdon nchini Uswisi kwa Pestalozzi, mmoja wa wanamageuzi wakubwa wa elimu Ulaya, kisha akafundisha na kuandika vitabu vya kiada Paris. Mwaka 1857, kwa jina la Allan Kardec, alitoa kitabu cha maswali na majibu alichosema kimetokana na roho zenyewe. Ndani yake roho zote zimeumbwa sawa, zikiwa hazijui kitu. Zinapanda ngazi kwa kupitia majaribu, na zikikosea husimama bila kurudi nyuma. Nyingi huyachagua majaribu yao kabla ya kuzaliwa. Harakati yake ilipata ardhi nzuri zaidi Brazil, ambako sensa ya 2010 ilihesabu waumini milioni 3.8.

Wazo la shule lina faraja yake. Limeondoa mbwa na nguruwe kwenye orodha ya adhabu. Ila lina mwiba ambao pengine ni mkali kuliko wa deni: kama aliyezaliwa kwenye njaa alichagua njaa, kumlisha si kumharibia somo? Kardec aliliona swali hilo, na alilijibu kwa kauli iliyokuja kuwa nembo ya wafuasi wake, kwamba nje ya matendo ya upendo hakuna wokovu. Mateso ya jirani ni mtihani wako wewe unayeyaona. Wanaharakati wake Brazil wakajenga hospitali na vituo vya misaada, na hayo hayawezi kupuuzwa. Wanaorudia wazo lake bila kauli hiyo, na siku hizi ni wengi, wamebaki na mwiba.

Kwa Wabudha, kinachokaribia kujifunza huruma maisha hadi maisha ni hadithi za Jataka, mkusanyiko wa Kipali wenye hadithi 547 za kuzaliwa kwa Budha kabla hajawa Budha. Katika mojawapo yeye ni mfalme wa nyani. Watu wa mfalme wa Benares wamelizingira kundi lake, na njia pekee ya kutoka ni kuvuka mto. Anajifunga ubugu, anaruka kwenda ng'ambo, ubugu unapungua kidogo, naye analishika tawi kwa mikono na kuufanya mgongo wake uwe daraja. Nyani wote wanapita. Wa mwisho, ambaye katika maisha mengine atakuwa Devadatta, adui yake wa siku zote, anamrukia kwa nguvu na kumvunja. Anayefunzwa katika kisa hiki ni mfalme wa binadamu, aliyekuwa akitazama kutoka chini. Anamshusha nyani, na nyani, kabla ya kufa, anamweleza mtawala anavyopaswa kuwa kwa watu wake. Hakuna anayelipishwa kitu. Nyani amechagua kufanya alichofanya.

Mbona hatukumbuki?

Swali hili huulizwa na kila mtu, na ni la haki. Somo gani hilo mwanafunzi amelisahau lote?

Plato, mwanafalsafa wa Kiyunani, alilijibu kwa kisa. Mwishoni mwa kitabu chake, Jamhuri, askari aitwaye Er anarudi kutoka kwa wafu na kueleza jinsi roho zinavyochagua maisha yajayo. Wa kwanza kuchagua anaukimbilia udikteta, na baadaye anagundua kwamba umeandikiwa kuwala watoto wake mwenyewe. Huyu alikuwa ametoka mbinguni. Katika maisha yake ya nyuma aliishi katika mji wenye utaratibu na alikuwa mwema kwa mazoea tu. Waliotoka chini ya ardhi, ambao waliteseka na kuona wengine wakiteseka, hawakuchagua kwa pupa. Odysseus, shujaa wa hadithi za kale za Kiyunani aliyechoshwa na sifa, anazunguka muda mrefu mpaka anayapata maisha ya mtu wa kawaida asiye na makuu, yametupwa pembeni, na kuyafurahia. Ndipo wote wanakunywa maji ya kusahau. Kwa Plato, basi, kumbukumbu inafutwa baada ya kufanya kazi yake: imeshaingia katika uchaguzi. Wabudha wanasema jambo linalokaribiana na hilo kwa njia nyingine, kwamba kinachoendelea ni mwelekeo, tabia iliyozoeleka, hata kama kisa chake kimepotea.

Wapo wanaosema wanakumbuka. Daktari wa magonjwa ya akili Ian Stevenson, wa Chuo Kikuu cha Virginia, aliyefariki mwaka 2007, alikusanya na wenzake zaidi ya visa 2,500 vya watoto waliozungumzia maisha mengine. Kwa kawaida huanza kati ya umri wa miaka miwili na mitano, huacha kabla ya kufika miaka minane, na wengi hueleza kifo cha ghafla au cha kikatili. Wakosoaji wanasema visa vingi vimetoka kwenye jamii ambazo tayari zinaamini, na mara nyingi familia mbili zilikuwa zimeshakutana kabla mtafiti hajafika. Kumbukumbu zinazotolewa chini ya usingizi wa hipnosisi zina hali mbaya zaidi. Majaribio ya mwanasaikolojia Nicholas Spanos yalionyesha kwamba “maisha yaliyopita” hufuata kile mhusika alichodokezewa akitarajie.

Lakini hata tukivikubali visa vya Stevenson vyote, ona watoto hao wanaleta nini. Majina, nyumba, hofu ya maji kwa anayesema alizama, hamu ya kurudi kwa mke au mama wa zamani. Sioni kwamba wanakuja wakiwa na huruma kuliko watoto wenzao kwa sababu ya kukumbuka. Kumbukumbu na huruma ni vitu viwili, na mtawa wa Tibet asiyemkumbuka mama hata mmoja wa zamani amefika mbali zaidi.

Anayezaliwa ni nani?

Turudi kwenye kauli ya Wabudha niliyosema tutaihitaji. Mfalme Milinda, Myunani aliyetawala kaskazini magharibi mwa Bara Hindi katika karne ya 2 kabla ya Kristo, anamuuliza mtawa Nagasena: anayezaliwa ni yule yule aliyekufa, au ni mwingine? Nagasena anajibu: si yule yule, wala si mwingine. Taa ikiwaka usiku kucha, mwali wa zamu ya kwanza si ule wa zamu ya mwisho, lakini pia hakukuwa na taa nyingine.

Jibu hilo lilikaa karne kadhaa mpaka Shantideva, mtawa wa chuo cha Nalanda katika karne ya 8, akalivuta hadi mwisho wake. Wewe unasema hushughuliki na maumivu ya mwingine kwa sababu hayakuumi wewe. Sawa. Basi mbona unahangaikia maumivu ya mwili utakaokuwa nao baadaye, na hayo hayakuumi sasa? Utasema, kwa sababu huyo wa baadaye ni mimi. Hapana, anasema Shantideva. Anayekufa ni mmoja, anayezaliwa ni mwingine. Kila mtu anayejiwekea akiba ya thawabu kwa ajili ya maisha yajayo tayari anafanya kazi kwa ajili ya mtu ambaye si yeye. Ameshavuka mpaka aliosema hawezi kuuvuka. Kilichobaki ni kuacha kubagua ni nani anayestahili kuvukiwa, maana maumivu hayana mwenyewe, na yanaondolewa kwa sababu ni maumivu.

Hapo hesabu ya deni imepoteza mdaiwa na mdai. Na mtu asiyeamini kuzaliwa tena anaweza kuipokea hoja hii nzima, kwa sababu inafanya kazi vile vile kwa mimi wa leo na mimi wa miaka thelathini ijayo.

Haikumridhisha kila aliyeielewa. Paul Williams, aliyekuwa profesa wa falsafa ya India na Tibet katika Chuo Kikuu cha Bristol na Mbudha kwa takriban miaka ishirini, alimchambua Shantideva na kuhitimisha kwamba hoja inajikata yenyewe: ukimwondoa mtu, humwachi mtu yeyote wa kuonewa huruma. Kisha akajielekezea swali hilo yeye mwenyewe. Kama nitazaliwa tena nikiwa mende, alijiuliza, huyo mende ni mimi kwa maana gani? Akaona si yeye kabisa, na kwamba basi katika kuzaliwa tena hana matumaini yoyote ya kwake. Mwaka 2000 akapokelewa katika Kanisa Katoliki. Pengo kati ya anayekufa na anayezaliwa, ambalo kwa Shantideva lilikuwa sababu ya kumpenda yeyote atakayezaliwa, kwake lilikuwa sababu ya kuondoka, na wote wawili walikuwa wameliona pengo lile lile.